Historia Haina Mdomo

Kiongozi akifanya jambo la aibu na watu wakakosa namna ya kumzuia, hakosekani wa kusema: "Mwacheni tu, historia itamhukumu." Waliopo huitikia kwa vichwa, na mazungumzo huishia hapo. Kauli hiyo inaniudhi, na kadiri miaka inavyokwenda inazidi kuniudhi. Inaifanya historia kuwa hakimu aliyeketi mahali fulani na jalada mezani, akingoja tu zamu ya kesi ifike. Hakimu huyo hayupo. Waliopo ni watu: wanaosaka nyaraka, wanaohoji mashahidi, wanaoweka maelezo ya huyu kando ya maelezo ya yule. Wasipokuwepo watu hao, hakuna hukumu itakayosomwa, wala kesi yenyewe haitafunguliwa.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye neno. "Historia" tunalitumia kutwa nzima bila kuligeuza tuone upande wake wa pili. Mwanafunzi ana kipindi cha historia. Daktari anachukua historia ya mgonjwa. Benki inataka kujua historia yako ya mikopo. Simu inatunza historia ya kurasa ulizofungua. Mtangazaji wa mpira anapaza sauti kwamba timu imeandika historia, na aliyeachana na mwenzake anakwambia, "Yule kwangu ni historia." Mara neno linataja yaliyopita yenyewe, mara linataja maelezo ya yaliyopita, mara ni orodha iliyotunzwa na mashine, mara ni sifa ya kujivunia. Halafu tunashangaa kwa nini tunapobishana juu ya historia hatuelewani.

Kwa Wagiriki wa kale neno hili lilitaja kazi. Lilimaanisha uchunguzi, kuuliza ili ujue. Herodotus, mzaliwa wa Halicarnassus, mji ambao leo uko Uturuki, aliishi karne ya 5 K.K. na akaandika juu ya vita vya Wagiriki na Waajemi. Sentensi yake ya kwanza inasema kwamba anachokiweka mbele ya watu ni matokeo ya historia yake, yaani ya kuuliza kwake. Na kweli ameuliza. Ndani ya kazi hiyo kila mara anatenganisha: hili nimeliona kwa macho, lile nimesimuliwa na makuhani wa Misri, na hapa pana habari mbili zinazopingana, nazileta zote. Mahali pamoja anatamka wazi kwamba wajibu wake ni kueleza aliyoambiwa, ila si wajibu wake kuyaamini yote. Msimamo huo mimi nauheshimu kuliko vitabu vingi vya leo vinavyotaja kila kitu kwa sauti moja ya uhakika.

Katika lugha hiyohiyo kulikuwa na neno la ukoo mmoja, "histor", yaani mtu ajuaye, anayeweza kuamua. Homer, mshairi wa Kigiriki, analitumia anapoeleza picha zilizochorwa kwenye ngao ya shujaa Achilles: watu wawili wanagombania fidia ya mtu aliyeuawa, mmoja anadai amelipa, mwingine anakana kupokea chochote, na wote wawili wanataka jambo limalizwe mbele ya mjuzi huyo. Basi tangu mwanzo ukoo wa neno hili ulikuwa karibu na ushahidi. Haukudai hata kwamba jambo linalochunguzwa liwe la zamani. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika kazi kubwa juu ya wanyama, na katika jina lake mna neno hilohilo, ingawa ndani hamna mfalme wala vita. Humo anaeleza yanayoonekana ukifungua mayai ya kuku yanayoatamiwa: baada ya siku tatu, moyo unaonekana kama tone la damu kwenye ute, unapigapiga kana kwamba una uhai wake peke yake. Hiyo kwake ilikuwa historia, kwa sababu mtu alikaa akatazama. Pliny Mkubwa, Mrumi, aliyekusanya vitabu 37 juu ya nyota, mimea, madini na wanyama, naye aliviita historia ya maumbile. Ndiyo maana hadi leo makumbusho yenye mifupa ya dinosaria na vipepeo waliokaushwa huitwa makumbusho ya historia asilia.

Katika matumizi yote ya siku hizi, naona daktari ndiye aliyebaki karibu zaidi na maana hiyo. Mgonjwa anaingia, anasema kichwa kinamuuma. Daktari mzuri hakimbilii kalamu. Kimeanza lini? Kilianza ghafla au kidogokidogo? Upande mmoja au kote? Ukiinama kinazidi? Umewahi kuumwa namna hii? Kuna wa ukoo wako mwenye shida kama hii? Umeshatumia dawa gani? Kila jibu linaondoa uwezekano mmoja na kuleta mwingine. Akisikia kwamba maumivu yalifika kilele mara moja, kwamba mtu alikuwa mzima na dakika hiyohiyo hawezi hata kusimama, wasiwasi wake unahamia kwenye damu inayovuja kandokando ya ubongo, na hapo hakuna muda wa kupoteza. Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki. Kwa 66 kati yao, barua ya rufaa na historia vilitosha kumfikisha daktari kwenye utambuzi uleule uliokubaliwa mwishoni. Kumkagua mwili kulibadili mambo kwa wagonjwa 7, na maabara kwa 7 wengine. Mashine zimeongezeka tangu wakati huo, lakini bado sijaona kinachochukua nafasi ya swali zuri likifuatiwa na sikio linalongoja jibu.

Angalia pia kwamba daktari hachanganyi mambo mawili ambayo sisi wengine tunayachanganya kila siku. Anajua ugonjwa ulioanza wiki iliyopita ni kitu kimoja, na maelezo aliyoyaandika kwenye faili ni kitu kingine. Maelezo yanaweza kuwa na pengo, na mgonjwa anaweza kuficha. Kesho likijitokeza jambo jipya, anaongeza au anafuta, na hakuna anayemshutumu kwamba anapotosha historia ya mgonjwa.

Lakini mwanahistoria akifanya hivyohivyo, watu hupandwa na hasira. "Wanabadilisha historia!" Ndiyo, wanaibadilisha, na ni kazi yao. Kilichopita hakibadiliki, maelezo yake ndiyo yanayobadilika. Mfano ninaoupenda ni wa mlima Vesuvius wa Italia, uliolipuka mwaka 79 B.K. na kuufukia mji wa Pompeii. Pliny Mkubwa niliyemtaja alifia huko. Mpwa wake, Pliny Mdogo, miaka mingi baadaye alimwandikia mwanahistoria Tacitus barua mbili akieleza aliyoyashuhudia, na nakala za barua hizo zilizoaminika zaidi zinataja 24 Agosti. Kwa vizazi na vizazi tarehe hiyo ilifundishwa. Hata hivyo wachimbaji walikuwa wakikuta vitu visivyoafikiana na joto la Agosti: matunda ya vuli na vyombo vya kuotea moto. Kisha mwaka 2018 yakapatikana maandishi ya mkaa kwenye ukuta wa nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa Pompeii, yakitaja siku ambayo kwa kalenda yetu ni 17 Oktoba. Mkaa haudumu ukutani, kwa hiyo waliouona walihitimisha kwamba uliandikwa muda mfupi kabla ya majivu kushuka. Wapo wasioridhika bado, kwa kuwa maandishi hayo hayataji mwaka. Mlima ulianza kulipuka siku moja tu, na siku hiyo haijasogea hata saa. Kinachosogea ni ujuzi wetu, na kusogea huko ndiko historia.

Hapa namkumbuka mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufia Cairo mwaka 1406. Katika utangulizi wa kazi yake alisema historia ina dhahiri na batini. Dhahiri yake ni habari tu za siku zilizopita na dola zilizoanguka, mambo ya kupamba mazungumzo. Batini yake ni kufikiri na kuhakiki, kutafuta sababu za mambo na namna yalivyotokea. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa maneno hayo ya Kiarabu, maana habari, dhahiri na hakiki tunayo midomoni kila siku. Na hakuishia kuhubiri. Alichukua habari iliyorudiwa na wengi, kwamba jeshi la Musa jangwani lilikuwa na watu 600,000 au zaidi, akaipima. Je, nchi ile ingeweza kulisha jeshi kubwa kiasi hicho? Likijipanga vitani, upande mmoja utajuaje kinachotokea upande wa pili? Na kutoka Yakobo hadi Musa ni vizazi vichache tu, watu hao wote wamezaliwa saa ngapi? Hakuwa na hati mpya mkononi wala hakuwa na mashine. Alikuwa na swali, na ujasiri wa kuliuliza mbele ya waandishi wakubwa waliomtangulia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Neno hili, lililozaliwa likimaanisha kuuliza, liligeuzwa kuwa cheti ambacho baadhi ya watu walipewa na wengine wakanyimwa. Hegel, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliwafundisha wanafunzi wake mjini Berlin kwamba Afrika si sehemu ya dunia yenye historia. Ungedhani karne moja na zaidi ingetosha kuifuta fikra hiyo, lakini mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alisema huenda siku zijazo kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundisha, ila kwa sasa iliyopo ni ya Wazungu katika Afrika, na iliyobaki ni giza. Yeye aliyelipwa kwa kuuliza hakuwa ameuliza. Aliona hakuna karatasi, akahitimisha hakuna kitu.

Na sisi wenyewe tumeendelea kuibeba fikra hiyo kila tunaposema "kabla ya historia" tukimaanisha kabla ya maandishi. Maandishi ya kale kabisa tunayoyajua, ya Uruk katika Iraq ya leo, yana umri wa miaka 5,000 na kidogo. Mabaki ya binadamu wa jamii yetu yaliyopatikana Jebel Irhoud, Morocco, yana umri wa miaka 300,000 hivi. Ukifuata lugha hiyo, chini ya sehemu mbili katika mia za maisha ya binadamu ndizo zenye historia, na zaidi ya tisini na nane ni dibaji. Na wapo watu ambao dibaji yao inaendelea hadi siku mgeni mwenye kalamu alipofika. Kwa nini tusiseme tu "kabla ya maandishi"? Ni sahihi zaidi, na haimnyang'anyi mtu kitu.

Jibu la wasomi wa Afrika kwa Trevor-Roper na wenzake halikuwa la matusi. Lilikuwa la kurudi kwenye maana ya kwanza, yaani kwenda kuuliza. Bethwell Ogot wa Kenya alikusanya masimulizi ya Waluo, akayalinganisha ukoo kwa ukoo, akahesabu vizazi, na mwaka 1967 akachapisha historia iliyojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya vinywa vya wazee. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti wake Kongo na Rwanda, alikuwa tayari ameandika mwaka 1961 namna ya kuyahakiki masimulizi kama hayo: nani kayasema, kayapokea kwa nani, nani ananufaika yakisemwa hivi, na majirani wanasemaje juu ya jambo hilohilo. Masimulizi yakitaja jua kupatwa, hesabu za wanafalaki zinaweza kusaidia kukisia mwaka. Mwaka 1964 UNESCO ikaamua iandikwe historia nzima ya Afrika, na kazi hiyo ikatoka katika juzuu nane. Ya kwanza, iliyohaririwa na Joseph Ki-Zerbo wa Burkina Faso, haianzi na wafalme. Sehemu yake kubwa inaeleza njia, yaani namna ya kujua. Nalipenda sana chaguo hilo.

Wapo wanaosema historia huandikwa na washindi. Mara nyingi ni kweli, ila si sheria. Thucydides, ambaye kwake tunajua mengi kuhusu vita vya Athens na Sparta, alikuwa wa upande ulioshindwa, tena jenerali aliyefukuzwa na mji wake. Anayeuliza kwa bidii na kuandika kwa uangalifu ana nafasi, hata akiwa ameshindwa. Kauli hiyo inawavunja moyo walioshindwa kabla hawajajaribu.

Juu ya "kuweka historia" sina mengi. Mtu anayetangaza mchana kweupe kwamba leo ameweka historia anajipa kitu ambacho wengine ndio wa kumpa, tena baadaye, wakishaona nini kimefuata. Na orodha inayotunzwa na simu yako haifiki hata kuitwa historia. Ni mfululizo wa saa na anwani. Hausemi kwa nini ulifungua ukurasa ule usiku wa manane, na hilo "kwa nini" ndilo lingeifanya kuwa historia.

Nirudi kwenye hukumu, kwa kuwa watu wakubwa kuliko mimi wameitegemea. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo baada ya kutoka mikononi mwa Wabelgiji, akiwa kifungoni alimwandikia mkewe Pauline kwamba historia itasema neno lake siku moja, na kwamba haitakuwa ile inayofundishwa Brussels, Washington au Paris. Akaongeza kwamba Afrika itaandika historia yake yenyewe. Waliouawa usiku wa 17 Januari 1961 huko Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, ni yeye na wenzake Joseph Okito na Maurice Mpolo. Mwezi uliofuata wakuu wa Katanga walitangaza kwamba walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Je, historia ilifungua mdomo ikawakanusha? Uongo ule uliendelea kupingwa na watu, na mwaka 1999 Ludo De Witte, Mbelgiji, akachapisha utafiti uliotokana na kusoma nyaraka za serikali yake mwenyewe. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, na Novemba 2001 tume hiyo ikasema baadhi ya mawaziri na maofisa wa Ubelgiji walibeba dhamana ya kimaadili. Februari 2002 serikali ikaomba radhi. Juni 2022 familia ikakabidhiwa jino, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, ambalo polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuuharibu mwili huo alilichukua na kukaa nalo. Kila hatua hapo ina mtu aliyeuliza na mtu aliyelazimika kujibu. Sehemu ya pili ya maneno ya Lumumba, ile ya kuandika, ndiyo iliyokuwa na agizo ndani yake. Sisi tumeshika ile ya kwanza kwa sababu haitudai chochote.

Waliokuwa na hofu ya kuhukumiwa walilielewa jambo hili kutuzidi. Mwaka 1961 Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, alielekeza kwamba serikali mpya za nchi zinazopata uhuru zisiachiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya malkia. Hawakusema "historia itatuhukumu." Walijua kinachohukumu ni karatasi iliyo mikononi mwa mtu anayeisoma, na karatasi inachomeka. Mafaili mengi yakateketezwa, mengine yakasafirishwa hadi Uingereza na kufichwa Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali. Kuwepo kwake kulikubaliwa hadharani mwaka 2011 tu, tena kwa sababu wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walikuwa wameishitaki serikali mjini London na wanahistoria waliowasaidia walikuwa wakidai nyaraka. Yalikuwa mafaili 8,800 hivi, kutoka makoloni 37. Wazee walikuwa wakisimulia mambo hayo kwa nusu karne na kuambiwa hakuna ushahidi. Juni 2013 serikali hiyo ilieleza majuto yake bungeni na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228.

Mafaili yale sasa yako Kew, London, katika hifadhi ya taifa, chini ya alama FCO 141, na yeyote anaweza kuomba kuyasoma. Humo mna pia hati ambazo maofisa walijaza kuthibitisha kwamba faili fulani limechomwa. Watafiti wanazitumia kuorodhesha yasiyokuwepo, kisha wanawatafuta waliokuwepo.